Gari linagonga kwa chini: jinsi ya kuitafuta kelele kabla hujanunua amotisere

"Mama, hizi amotisere zimekufa."

Fundi hakuwa amepiga kriki wala kugusa tairi. Alisukuma boneti ya Toyota RAV4 yetu mara mbili kwa kiganja, akasikiliza kidogo, akatoa hukumu. Nikanunua amotisere (shokapu) mbili za mbele, akafunga, nikalipa, nikashika njia ya nyumbani. Kufika Ndosho, mtaa wa hapa Goma, hata shimo la tatu sijapita, ko-ko, ko-ko, palepale, mbele kulia. Wiki mbili baadaye nililala juu ya gunia nyuma ya nyumba, nikaingiza mkono nyuma ya gurudumu, nikashika kichwa cha biyelete, kijiti cha stabilaiza linki. Kikacheza kama jino la maziwa la mtoto. Kijiti kile ni cha bei ndogo kuliko amotisere moja, tena mtu anayejua spana hukibadilisha kabla chai haijapoa.

Tangu siku ile gari langu haliendi garaji kabla sijaijua kelele yake. Si kwamba nafanya kila kazi mwenyewe. Nyingine ni za hatari na nitazitaja. Ila kutafuta ni kazi ya mwenye gari, maana wewe ndiye unayeisikia kila siku, na fundi anaisikia dakika tano tu. Na hapa Goma, Kongo, kelele hazikosekani. Mitaa mingi imekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo yenyewe, yale ya mlipuko wa 2002 na ya kabla yake, meusi, makali, hayana adabu kwa raba. Gari linaloishi miaka mingi bila kugonga kwenye lami nzuri, huku linaanza kulia mapema.

Majina, ili tuelewane

Fundi wa hapa kajifunzia kazi katika Kifaransa, na wewe huenda unasoma ukiwa Kigoma au Mombasa. Amotisere ndiyo shokapu. Resori ni springi inayoizunguka. Silambloki ni bushi, raba iliyoshikana na chuma ndani na nje. Rotili ni boljointi, kifundo cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe chake kama nyonga ya mtu. Biyelete ni stabilaiza linki, kijiti chenye rotili ndogo huku na huku, kinachounganisha upande wa gurudumu na nondo ya stabilizatere, ile inayozuia gari kulala kwenye kona. Rulma ni beringi, kriki ni jeki, kardani ni ule mkono unaopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu, na paralelizme ni alaimenti.

Na kulia ni kulia kwako ukiwa umekaa ndani ukitazama mbele. Nimeshaona biyelete mpya ikifungwa upande uliokuwa mzima, kwa sababu mwenye gari alielekeza akiwa amesimama mbele ya boneti.

Kwanza, toa kila kitu ndani ya gari

Usicheke. Kriki iliyolegea mahali pake inagonga sawasawa na amotisere mbovu. Toa kriki, spana, bidoni la maji, kizima-moto, viatu vya watoto, chupa zilizoingia chini ya viti. Funga mikanda ya viti vya nyuma isigonge plastiki. Kwa RAV4 za miaka hiyo yangu, za 2000 hadi 2005, tairi la akiba linabebwa na mlango wa nyuma, na uzito ule unalegeza raba za mlango polepole. Shika tairi la akiba kwa mikono miwili ulitikise. Likicheza, kaza nati zake. Mlango wenyewe ukicheza, kata vipande vya raba ya tairi la baiskeli, vibandike kwa muda kwenye vile vituo vya raba, kisha endesha. Jirani yangu alikuwa ameshaandika hesabu ya silambloki zote za nyuma. Kelele iliishia kwenye vipande viwili vya raba.

Angalia na upepo wa matairi yakiwa bado yamepoa. Kipimo kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Vijana wa pompa za barabarani wanapenda kujaza mpaka tairi linakuwa gumu kama jiwe, halafu kila kokoto unaisikia kwenye meno.

Sikiliza ukiwa na mtu wa pili

Chagua kipande cha barabara chenye mawe, tuta moja, na mahali papana pa kugeuza. Nenda asubuhi kabla motari, wenye bodaboda, hawajajaa. Zima redio na feni, fungua madirisha yote. Mpe mwingine aendeshe kama unaweza, wewe kaa kiti cha nyuma, kisha cha mbele, kwa sababu kelele ya chuma husafiri kwenye bodi na kudanganya. Ya nyuma kushoto inaweza kusikika kama iko chini ya dereva.

Jambo moja la kwetu: tunaendesha upande wa kulia wa barabara, lakini magari mengi yamekuja na usukani kulia pia. Kwa hiyo dereva amekaa juu ya magurudumu yale yale yanayokula ukingo wa mtaro. Upande huo huchoka kwanza mara nyingi, lakini pia ndio anaousikia zaidi, hata kama wa kushoto nao umekufa.

Pita mawe kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka. Halafu pita tuta kwa magurudumu mawili ya mbele kwa pamoja, gari limenyooka kabisa. Halafu lipite tuta hilohilo kwa mshazari, gurudumu moja lipande kabla ya lingine. Kipimo hiki kimenifaa kuliko vyote. Nondo ya stabilizatere haifanyi kazi magurudumu mawili yakipanda pamoja. Inajikunja tu yanapopishana. Basi kama ukinyooka gari linanyamaza na ukienda mshazari linagonga, anza na biyelete na raba za nondo. Kama linagonga vilevile kwa njia zote mbili, peleka macho kwenye amotisere, kiti chake cha juu, au silambloki za mkono wa chini, ule unaoshika gurudumu kwa chini.

Kisha gusa breki kidogo tu, huku gari likiendelea kupita mawe. Kelele ikikata mara moja, karibu hakika ni pedi za breki au pini za kalipa zinazocheza, na hapo umeokoa pesa za amotisere. Ukisimamisha gari kwa breki ukasikia "du!" moja, na ukianza kuondoka "du!" nyingine, hiyo ni silambloki kubwa ya mkono wa chini iliyochanika: mkono unasogea mbele na nyuma. Lakini kama hiyo "du" inakuja unapohamisha gia kwenda nyuma au mbele gari likiwa limesimama, ni viti vya injini, si silambloki za chini.

Geuza usukani mpaka mwisho, uzunguke polepole. Tak-tak-tak inayokwenda na mwendo wa gurudumu ni kiungo cha nje cha kardani. Mlio wa "dwing" kama kamba ya gitaa, au kugugumia usukani unapogeuzwa gari limesimama, ni kiti cha juu cha amotisere: rulma yake imekauka, resori inajikunja halafu inajifyatua. Mngurumo unaopanda na kasi bila kujali mashimo ni rulma ya gurudumu au tairi lenyewe. Ukipinda kushoto uzito unahamia kulia, kwa hiyo mngurumo ukiongezeka hapo mshuku wa kulia.

Na "kwii, kwii" ya kitanda cha zamani? Raba kavu. Chukua chupa ya kupulizia, tia maji na sabuni kidogo, lowesha silambloki moja tu, sukuma gari lipande na kushuka, sikiliza. Kisha inayofuata. Ile ikilowa mlio ukakata, umempata. Maji yatakauka na mlio utarudi, lakini jina unalo tayari.

Mikono chini, gari likiwa bado limesimama kwa magurudumu yake

Huhitaji kriki kwa hatua hii. Washa injini, vuta breki ya mkono, gia iwe imetoka. Mtu akae ndani aupeleke usukani kushoto na kulia kidogokidogo, kama sentimita kumi, haraka haraka, bila kuugeuza wote. Mimi namtumia mtoto wa dada yangu. Wewe kaa pembeni ya gurudumu, usiingize kichwa chini ya gari, weka vidole juu ya viungo kimoja kimoja: rotili ya usukani, rotili ya chini, biyelete. Kiungo kibovu utakisikia kwenye kidole kabla ya sikio. Kinapiga mshtuko mdogo, tik, kama mshipa wa mkononi. Kizima kinazunguka kimya. Angalia tu vidole visiingie kati ya tairi na bodi, na kijana asimamishe kabisa unaposema "acha".

Ile ya kusukuma boneti, aliyonifanyia fundi, si ya uongo kabisa. Sukuma kona moja kwa nguvu mara tatu, achia. Gari lipande, lishuke, litulie. Likiendelea kucheza kama mashua ya Ziwa Kivu wakati wa upepo, amotisere imekwisha. Lakini inakamata ile iliyokufa kabisa tu. Iliyochoka nusu inapita mtihani huu bila shida. Dalili za kuaminika zaidi ni nyingine. Pitisha kiganja juu ya tairi kulizunguka: kama kuna mabonde na vilima, gurudumu limekuwa likirukaruka. Angalia mwili wa amotisere: vumbi jeusi likiwa limegandamana na mafuta yanayotiririka mpaka chini, imevuja. Unyevu hafifu karibu na juu peke yake bado si hukumu.

Kupiga kriki juu ya mawe yetu

Hapa nisikilize vizuri. Kokoto za volkano zinateleza chini ya kriki. Tafuta mahali pagumu na tambarare, weka ubao mpana na mnene chini ya kriki, zuia magurudumu yasiyonyanyuliwa kwa mawe mbele na nyuma. Jiwe la kuzuia gurudumu ni sawa. Jiwe la kubeba gari ni kifo. Lile jiwe letu lina matundu ndani, unaliona gumu, umejengea nyumba kwalo, lakini likipewa uzito mahali pamoja linapasuka bila kutoa taarifa. Tofali vilevile. Tumia shandeli, vile vyuma vyenye miguu vya kuegemeza gari, mbili, chini ya sehemu zilizotengwa kwa kriki. Kama huna, azima. Kama hakuna wa kukuazima, ishia hapo; hata kama vipimo vinavyofuata vinafanyika ukiwa umechuchumaa pembeni, shandeli bado zinahitajika.

Nyanyua pande zote mbili za mbele, si moja. Ukinyanyua moja, nondo ya stabilizatere inajikunja na kubana biyelete, na biyelete mbovu iliyobanwa inajifanya nzima.

Shika gurudumu juu na chini, kama saa 12 na saa 6 kwa hesabu ya saa ya ukutani. Litikise. Likicheza, mwambie msaidizi akanyage breki, ulitikise tena. Uchezaji ukitoweka, ni rulma. Ukibaki, ni rotili ya chini au kiti cha juu. Shika kushoto na kulia. Uchezaji hapo ni wa rotili za usukani au kremaleri (boksi la usukani) yenyewe.

Chukua chuma kirefu, kiingize chini ya tairi, nyanyua gurudumu kidogo kidogo huku ukitazama rotili ya chini kwa tochi. Isicheze hata kidogo. Kisha egemeza chuma kati ya mkono wa chini na kiti chake, sukuma mbele na nyuma bila ubabe. Silambloki nzima inajinyoosha na kurudi. Iliyochanika inafungua mdomo, unaona mpasuko mpaka chuma cha ndani. Mipasuko midogo ya juu juu kama ngozi ya kisigino haina neno.

Biyelete ishike kwa mkono, isukume juu na chini. Kifuniko chake cha raba kikiwa kimechanika na ndani kuna tope jeusi badala ya grisi, usisubiri ianze kugonga. Vumbi la majivu ya volkano likichanganyika na grisi linasaga chuma kama msasa.

Mwisho zungusha tochi kwenye resori, hasa mzunguko wake wa mwisho wa chini unaokalia sahani. Hapo ndipo huvunjikia, na kipande kikibaki mahali pake huwezi kugundua ukiwa umesimama. Ndani ya resori, upande wa juu, kuna raba ya kituo, ile inayopokea pigo amotisere ikifika mwisho. Ikiwa imesagika, kila shimo kubwa litakuwa chuma kwa chuma, na utalaumu amotisere iliyo hai.

Ukikuta rotili ya chini inacheza, acha safari zote. Kazi hii haingoji mwisho wa mwezi. Ikitoka kwenye kikombe chake, gurudumu linalala chini ya gari, na halichagui kama uko uani au unatoka Sake na lori nyuma yako.

Kununua

Nenda dukani na pyesi (kipuri) ya zamani mkononi, na namba ya chasi mfukoni. Kwa Toyota soma kibati cha modeli. Changu kinaanza na ACA21, na herufi hizo zinamwambia muuzaji zaidi kuliko kusema "RAV4 ya 2003". Laza mpya kando ya zamani: urefu, pembe ya vichwa, unene wa uzi. Biyelete zinafanana kwa sura na kutofautiana kwa sentimita mbili, na hizo mbili zinatosha kuifanya iguse tairi. Jaribu kukizungusha kichwa chake kwa vidole: kipya kinakuwa kizito, kinasonga kwa ulaini bila kurukaruka. Kikiwa kinalegea mikononi dukani, barabarani kitafanya nini?

Amotisere za okazyo, zilizokwisha kutumika, sizinunui tena. Biyelete na raba nunua mpya siku zote. Silambloki ya okazyo ni mzaha, maana unanunua raba iliyozeekea kwingine. Mkono mzima wa chini wa okazyo unaweza kuuchukua iwapo silambloki na rotili umezikagua kwa chuma, si kwa macho.

Kubadilisha biyelete

Hii fanya mwenyewe. Legeza nati za magurudumu nusu mzunguko kabla ya kunyanyua, kisha mbele pande zote mbili ziwe juu ya shandeli, magurudumu yametolewa. Piga brashi ya waya kwenye uzi unaojitokeza nje ya nati mpaka ung'ae, tia mafuta ya kulegeza kutu, nenda ukale chakula. Watu huruka brashi, na ndiyo sababu nati inakwama katikati ya safari.

Ukirudi utagundua kwamba ukizungusha nati, kichwa chote kinazunguka nayo. Kwenye ncha ya bolti kuna tundu la pembe sita. Ingiza ufunguo wake uishike bolti, huku ukifungua nati kwa spana, kwa biyelete nyingi za Toyota ya 17. Lisafishe tundu hilo kwa msumari kwanza, maana tope likiwa ndani ufunguo unateleza na kuliharibu. Likishaharibika, usipigane: kata nati kwa meleze (grainda), ukifunika waya wa breki na bomba lake kwa bati. Biyelete ya zamani huihitaji tena.

Ingiza mpya, anza nati zote kwa vidole, kisha kaza. Badilisha za pande zote mbili ukiweza, kwa kuwa zimekula mawe yaleyale.

Raba za nondo ziko karibu. Fungua kibano, toa raba, futa nondo mpaka iwe safi, paka grisi ya silikoni kidogo, rudisha. Ile tabia ya kumwagia silambloki mafuta ya vidanji, yale machafu yaliyotolewa kwenye injini, ili zinyamaze, iache. Zinanyamaza kweli, siku chache, huku raba inavimba na kulainika, halafu inachanika. Mafuta ya injini na raba ya kawaida ni maadui.

Silambloki za mkono, na kosa linalorudiwa kila garaji

Kuzitoa na kuziingiza kunahitaji presi, kwa hiyo toa mkono mzima uupeleke, au nunua mkono uliokamilika. Fundi akitaka kuzigonga kwa nyundo, mwombe kwa heshima atumie presi. Mwelekeo una maana: nyingi zina matundu au alama, na lazima zikae kama zilivyokaa za kiwandani. Piga picha kwa simu kabla ya kutoa.

Kosa lenyewe ni hili. Raba ya silambloki imegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, haizunguki, inajikunja. Bolti ikikazwa wakati gari liko juu ya shandeli na gurudumu linaning'inia, chuma cha ndani kinabanwa katika mkao huo wa kuning'inia. Gari likishushwa, mkono unapanda, raba inakaa imejikunja siku zote, hata gari likiwa limelala uani. Miezi michache, imechanika, na wewe unaenda kumgombeza muuzaji.

Kwa hiyo bolti za mkono zishikishwe tu, zisikazwe. Weka kriki nyingine chini ya mkono karibu na rotili, inyanyue mpaka gari lianze kuacha shandeli kidogo sana, hapo mkono uko karibu na mkao wake wa barabarani. Au shusha gari juu ya mbao nene chini ya matairi. Hapo ndipo kaza kwa nguvu. Nilimweleza hivyo fundi mmoja mzee, nikidhani atanikaripia. Akaifuta mikono, akasema, "Mama, hiyo ni kweli, ila wateja wana haraka." Nikamjibu, "Papa, mimi sina haraka leo."

Rotili ya chini mwachie fundi mwenye kifaa cha kuitenganisha, lakini simama ukiangalia vitu viwili. Ile uma ya kupiga kwa nyundo huchana kifuniko cha raba, basi isitumike kwa rotili itakayobaki. Na nati yenye meno, inayopitishiwa gupiye (pini ya kufungia): tundu lisipolingana, ikazwe zaidi mpaka lilingane, isilegezwe kamwe kulitafuta. Gupiye iwe mpya, si msumari.

Amotisere, kama kweli ni yenyewe

Hubadilishwa mbili mbili, mbele zote au nyuma zote. Kwenye RAV4 hii mbele amotisere na resori ni kitu kimoja kilichokusanywa, na resori ile imebanwa kwa nguvu ya kuweza kuvunja taya. Nati ya katikati juu kabisa haiguswi kabla resori haijabanwa kwa vibano viwili vizima, vinavyokazwa kwa zamu. Nimeona mtu akibana kwa waya wa kufungia nondo za nyumba. Niliondoka pale. Kama hamna vibano, kazi hiyo isifanyike hapo.

Ukiwa msimamizi, yatazame haya. Alama ya rangi ichorwe kwenye bolti za chini zinazoshika amotisere na gurudumu kabla ya kufunguliwa, ili mkao urudi karibu na ulipokuwa. Kalipa isining'inie kwa bomba la breki. Ifungwe kwa kamba. Amotisere mpya isimamishwe wima, ibonyezwe polepole mpaka mwisho na kuvutwa mara nne au tano, hewa iliyopenya wakati wa kulala dukani itoke. Zile zinazoanza kugonga siku ya kwanza, nyingine ni hewa tu. Na ile fimbo inayong'aa isishikwe kwa plaisi hata kidogo. Mkwaruzo mmoja unakata sili kila inapopita, na kabla mvua za pili hazijaisha mafuta yako chini. Raba ya kituo, kifuniko cha vumbi na kiti cha juu vibadilishwe wakati huohuo kama vimechoka. Kufungua tena baadaye ni kulipa kazi ileile mara mbili.

Kabla ya kushusha, na baada

Piga kwa kiganja kinga ya joto ya bomba la moshi. Bati lile likioza bolti zake linatetema hasa injini ikiwa inazunguka polepole, na watu huja wakisema silambloki. Kibano cha bomba kinatosha.

Nati za magurudumu kaza kwa mshazari, ya juu, kisha ya upande wa pili, tairi likigusa ardhi. Kwa RAV4 hii ni Nyuton-mita 103; bila spana ya kupimia, mkono wa mtu mzima kwenye spana ya kawaida ya gari unatosha, kuruka juu yake kwa miguu hakutakiwi. Baada ya kilomita 50 hivi, yaani kwenda Sake na kurudi, zijaribu tena pamoja na nati za biyelete.

Ukigusa mkono wa chini, rotili ya usukani au bolti za amotisere, nenda paralelizme. Biyelete na raba za nondo peke yake hazihitaji.

Kisha rudi kwenye kipande kilekile cha barabara, saa ileile ya asubuhi, mwendo uleule. Mawe, tuta ukiwa umenyooka, tuta kwa mshazari, mzunguko mpaka mwisho wa usukani. Mimi nilipomaliza ya kulia, ko-ko ilikuwa imekwenda, na nyuma yake nikasikia nyingine ndogo ambayo ile kubwa ilikuwa inaificha: tik, kushoto, kila gurudumu la kushoto lilipopanda jiwe. Nikageuza gari, nikarudi kuchukua gunia.